Chaja imeandikwa 1A: jinsi ya kupima kama kweli inaitoa

Chaja za betri za 18650, zile betri za mviringo za kwenye tochi, feni za kuchaji na spika, zimejaa Kariakoo, zimejaa Luthuli Avenue, na karibu zote zina maandishi yaleyale: 4.2V 1000mA, yaani ampea moja (1A). Muuzaji atakuhakikishia kwamba inachaji fasta. Ukifika nyumbani betri moja inakesha usiku kucha na asubuhi taa bado nyekundu. Je, chaja ni mbovu, betri imechoka, au lebo imedanganya? Multimita, yaani kifaa cha kupima volti na ampea, hata ya bei ya chini kabisa inatosha kulijibu swali hilo, ilimradi uitumie kwa mpangilio. Wengi huipima chaja vibaya, kisha wakaihukumu kwa namba isiyo na maana.

Niseme msimamo wangu mapema: ampea pungufu ni udanganyifu wa biashara tu, lakini volti zilizozidi ni moto ndani ya nyumba. Kwa hiyo tutapima ampea kwa kirefu kama kichwa cha habari kinavyosema, halafu hutaondoka bila kupima volti za mwisho.

Chaja inafanya nini ndani ya saa hizo zote

Betri ya lithiamu ya kawaida, iliyoandikwa 3.6V au 3.7V, huhesabika imejaa ikifika 4.20V. Chaja iliyotengenezwa sawasawa huijaza kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza inasukuma mkondo usiobadilika, tuseme 1A mfululizo, huku volti za betri zikipanda taratibu. Betri ikikaribia 4.2V awamu ya pili inaanza: sasa kinachoshikiliwa ni volti, na mkondo unapungua wenyewe kidogo kidogo. Ukishuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, chaja inakata na taa inageuka kijani.

Kabla ya hizo mbili ipo awamu ndogo ambayo watu huisahau. Betri iliyoisha kupita kiasi haipewi mkondo kamili, inabembelezwa kwanza. Chipu ya TP4056, ambayo imo kwenye chaja nyingi za bei nafuu, huipa betri iliyo chini ya takriban 2.9V mkondo wa sehemu moja ya kumi tu. Chaja ya 1A itaonyesha kama 0.1A, na hapo haina kosa lolote.

Ukiyashika haya matatu utaona mara moja kwa nini vipimo vingi vya mtaani havifai. Anayepima kwa betri iliyokaribia kujaa ataona 0.2A na kulalamika. Anayepima kwa betri iliyokufa ataona 0.1A na kulalamika zaidi. Na yule anayechukua multimita, akaiweka kwenye ampea, akagusisha waya zake moja kwa moja kwenye vyuma viwili vya chaja bila betri yoyote, huyo hajapima kitu. Amepiga shoti. Chaja yenye akili itaona volti sifuri na kutoa mkondo mdogo au kutotoa kabisa. Chaja isiyo na akili itatoa mkondo ambao betri haitauona maishani. Ahadi ya lebo inahusu awamu ya mkondo usiobadilika, kwa hiyo hiyo ndiyo tunayoifuata.

Vifaa

Multimita moja. Ile ya njano au nyeusi ya mtindo wa DT830 inatosha, yenye matundu matatu: COM, VΩmA na 10A. Kabla ya yote badilisha betri yake ya 9V kama hukumbuki uliinunua lini. Betri hiyo ikichoka, mita za aina hii huongeza: zinaonyesha namba kubwa kuliko ukweli, na utaisifia chaja isiyostahili sifa.

Betri moja ya 18650 unayoiamini. Iliyotolewa kwenye betri ya laptop ya zamani ni sawa kama bado inashika chaji. Zile zilizoandikwa 9900mAh (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) usizitumie kwa kipimo. Betri halisi ya ukubwa huo, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, haivuki sana 3500mAh hata ya kampuni kubwa. Njia ya haraka ya kuzitambua za uongo ni mzani wa jikoni: betri ya kweli huwa na gramu 45 hivi, na ukikuta ya gramu 30 jua imejazwa zaidi ahadi.

Vingine ni vidogo: waya mbili fupi nene, vibanio vyenye meno viwili, solotepu, kipande cha plastiki ngumu kama kadi ya simu iliyokwisha muda, vipande viwili vya bati jembamba la nikeli au shaba, na kalamu isiyofutika. Chaja yako ikiwa ya USB, ongeza mita ndogo ya USB ile inayochomekwa katikati ya adapta na kebo.

Kuhusu mahali pa kufanyia kazi: sakafu ya saruji, kigae au sahani ya udongo. Si kitandani, si karibu na chandarua. Weka ndoo ya mchanga karibu. Betri ikipata joto la kukushinda kuishika, zima umeme ukutani kwanza ndipo uitoe nje.

Soma lebo kabla hujawasha kitu

Lebo nyingi hujikana zenyewe ukizisoma kwa hesabu. Zidisha volti kwa ampea upate wati, upande wa kuingia na upande wa kutoka. Chukua chaja ya USB ya vyumba viwili, yaani nafasi mbili za betri, iliyoandikwa inaingiza 5V 1A na kutoa 4.2V 1A kwa kila chumba. Kuingia ni wati 5. Kutoka ni 4.2 mara 1 mara 2, yaani wati 8.4. Hakuna kifaa kinachotoa wati nyingi kuliko zilizoingia, kwa hiyo hiyo 1A kwa kila chumba haiwezekani betri zote mbili zikiwemo. Bado inawezekana kwa betri moja, na huko ndiko tutakakopima.

Angalia pia kama maandishi yanasema 1000mA kwa jumla au kwa kila chumba. Chaja ya vyumba vinne yenye 1000mA ya jumla inatoa 250mA kwa kila betri ikijazwa yote, na hapo aliyeiandika hajasema uongo, ameacha tu kufafanua.

Andaa betri: lengo ni kati ya 3.5V na 3.7V

Weka mita kwenye 20V ya DC, waya mwekundu kwenye VΩmA, mweusi kwenye COM, upime betri ikiwa imetulia. Ikiwa juu ya 3.8V, itie kwenye tochi au feni uimalize kidogo. Ikiwa chini ya 3.0V, ichaji dakika chache. Ukishapata 3.5V hadi 3.7V, iache kama nusu saa ipoe, kwa sababu volti za betri iliyotoka kazini hupanda zikipumzika.

Kwa nini kiwango hicho? Kwa sababu mita yenyewe inakula volti. Waya zake nyembamba pamoja na kipande cha ndani cha kupimia mkondo vinaweza kuwa na ukinzani wa 0.2Ω (omu) au zaidi, na mkondo wa 1A ukipita humo unapoteza 0.2V njiani. Betri ikiwa 3.6V chaja itadhani ni 3.8V, na haitajali, maana bado iko kwenye awamu ya mkondo usiobadilika. Betri ikiwa 4.0V chaja itaona 4.2V, itadhani kazi imekwisha na kuanza kupunguza. Hapo utakuwa umepima upungufu wa waya zako.

Kipande cha kupimia

Ili kupima mkondo, mita lazima iingie katikati ya njia, si pembeni. Kwenye chaja ya kuchomeka betri huwezi kukata waya, kwa hiyo tunatengeneza kizuizi chembamba kinachokaa kati ya betri na chuma cha chaja.

Kata plastiki upana wa sentimita moja na nusu, urefu sentimita nne. Bandika kipande cha bati upande mmoja na kingine upande wa pili, kila kimoja kikichomoza kidogo mwisho mmoja ili kibanio kipate pa kung'ata. Hakikisha mabati hayagusani pembeni. Mafundi wanaofungua betri za laptop wana mabati ya nikeli ya kutosha. Ni yale yaliyounganisha betri moja na nyingine, na kwa kawaida wanayatupa. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni itafanya kazi kwa shida, maana huchanika na mguso wake unayumba.

Kipande hiki kiweke upande wa hasi wa betri, penye springi. Usikiweke upande wa chanya. Sababu yake ni hii: kopo zima la betri ya 18650 ni hasi, kuanzia kitako hadi ukingo wa juu unaokizunguka kitufe cha chanya, na kinachozuia ni plastiki nyembamba tu. Upande wa hasi, bati likiteleza na kugusa kopo, mkondo utaikwepa mita na utasoma sifuri, basi. Upande wa chanya, bati hilohilo likigusa kitufe na ukingo kwa pamoja umepiga shoti betri yenyewe, na betri ya 18650 inaweza kumwaga makumi ya ampea kabla hujajua umefanya nini. Ukiona plastiki ya betri imechanika, hasa karibu na kitufe, usiitumie.

Kupima chenyewe

Sasa hamisha waya mwekundu wa mita uende kwenye tundu la 10A, na kitufe ukigeuze kwenye 10A. Usitumie tundu la mA. Fyuzi ya ndani kwa kawaida ni ndogo kuliko mkondo tunaoutafuta na itakatika mara moja. Kumbuka pia kwamba kwenye mita nyingi za bei nafuu tundu la 10A halina fyuzi kabisa. Mita ikiwa katika hali hii, ukigusisha waya zake kwenye ncha mbili za betri, hiyo ni shoti kamili. Ukigusisha kwenye soketi ya ukutani, sitaki hata kueleza.

Chaja inayochomekwa ukutani ina hatari yake ya ziada. Ndani ya zile za bei ya chini sana, nafasi kati ya upande wa umeme wa 230V na upande wa betri huwa finyu, na wakati mwingine hakuna cha kuaminika kinachozitenga pande hizo. Vyuma vya kushikia betri vichukulie kwamba vina umeme wa ukutani, na hutavigusa swichi ikiwa imewashwa.

Mpangilio basi uwe huu, bila kuruka:

1. Swichi ya ukutani imezimwa. Chaja iko mezani au imechomekwa lakini haijawashwa.
2. Ingiza betri, chanya kwenye chanya, na kipande chako kati ya kitako cha betri na springi.
3. Bana kibanio kimoja kwenye bati la upande wa betri na kingine kwenye bati la upande wa springi, ukiunganisha kwenye waya mbili za mita. Ukikosea mpangilio mita itaonyesha alama ya kutoa tu, haiharibu kitu.
4. Toa mikono. Washa.
5. Soma baada ya sekunde 10, kisha dakika 1, dakika 5, dakika 15. Andika kila namba pamoja na saa.
6. Zima ukutani kabla ya kutenganisha chochote.
7. Rudisha waya mwekundu kwenye VΩmA hapohapo, kabla hujafanya jambo jingine.

Kuisahau hiyo hatua ya saba ndiko kunakoua mita nyingi. Mtu anamaliza kupima ampea, anataka kuangalia volti za betri, anageuza kitufe kwenye 20V na kusahau waya bado uko 10A.

Kwenye kipimo cha 10A mita hizi huonyesha namba mbili baada ya nukta, yaani hatua za 10mA. Ukisoma 0.46, elewa ni takriban 460mA, na kosa la asilimia mbili au tatu ni la kawaida. Usigombane na mtu kwa 0.97 badala ya 1.00.

Kama huiamini mita: rezista ya 0.1Ω

Njia hii naipenda kuliko ya kwanza. Badala ya kupitisha mkondo ndani ya mita, unaupitisha kwenye rezista ndogo na mita inapima volti zinazobaki juu yake. Rezista ya 0.1Ω ikipitiwa na 1A huonyesha 100mV kamili; kila 1mV ni 10mA. Mita ikiwekwa kwenye 200mV inasoma hadi sehemu ya kumi ya milivolti, kwa hiyo unaona mabadiliko ya 1mA, jambo ambalo kipimo cha 10A hakikupi. Tena waya mwekundu unabaki kwenye VΩmA muda wote, na ile ajali ya hatua ya saba haipo.

Ukikosa 0.1Ω dukani, nunua kumi za 1Ω, uzipange sambamba na kuzichomelea kwa risasi ncha kwa ncha. Matokeo ni 0.1Ω, na kila moja inabeba sehemu ya kumi tu ya mkondo, kwa hiyo hazipati joto hata zikiwa ndogo. Rezista ikae kati ya vibanio viwili pale ilipokuwa mita, na waya za mita ziguse miguu ya rezista yenyewe. Ukizigusisha kwenye vibanio utapima pia ukinzani wa vibanio, na namba itapanda bure.

Chaja za USB: njia ya mkato na mtego wake

Kwa chaja inayokula USB, mita ya USB inakuambia mkondo unaoingia bila kuhangaika na mabati. Swali ni kama unaoingia ndio unaotoka.

Jibu linategemea kilichomo ndani. Chaja zenye chipu ya aina ya TP4056 hupunguza volti kwa kuzigeuza joto, kwa hiyo ampea zinazoingia na zinazotoka zinalingana, ukiondoa chache za kuwashia taa. Mita ya USB ikisema 0.48A, betri inapata kama 0.47A. Chaja bora zaidi hubadilisha nguvu kwa kukatakata umeme kwa kasi, na hapo mkondo unaotoka huwa mkubwa kuliko unaoingia: 5V mara 0.8A ni wati 4, na ikibaki asilimia 85 ni wati 3.4, ukigawa kwa 3.7V za betri unapata karibu 0.92A. Ukiwahi kupima kwa mabati na kwa mita ya USB pamoja mara moja, utajua chaja yako ni ya kabila gani na baadaye utatumia mita ya USB peke yake.

Mtego uko kwenye kebo na adapta. Kebo nyembamba zina waya za shaba zenye ukinzani wa kama 0.2Ω kwa kila mita ya urefu, na mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita moja ni 0.4Ω na zaidi. Kwa 1A umepoteza 0.4V: adapta inatoa 5.0V na chaja inapokea 4.6V. Tundu la USB la laptop ya zamani nalo liliwekewa kiwango cha 500mA. Chaja inaweza kuwa nzima kabisa na ikaonekana mwizi kwa sababu ya kebo ya barabarani. Pima kwa kebo fupi nene na adapta ya simu unayoijua inatoa 2A. Mita ya USB inakuonyesha pia volti. Zikishuka chini ya 4.75V ukiwa unachaji, tafuta kebo au adapta nyingine kwanza ndipo uhukumu.

Vyumba viwili

Rudia kipimo cha chumba A ukiwa na betri ya pili ndani ya chumba B, nayo ikiwa kwenye 3.5V hadi 3.7V. Mkondo wa A ukishuka hadi nusu, 1A ile ilikuwa ya pamoja.

Kabla ya hapo kuna jambo la kuangalia chaja ikiwa imechomolewa na haina betri. Weka mita kwenye sauti ya mlio au kwenye 200Ω, gusa chanya ya chumba A na chanya ya chumba B. Ikilia, vyumba vimeunganishwa moja kwa moja. Fanya hivyo kwa hasi pia. Ukikuta chanya zote zimeungana na hasi zote zimeungana, chaja hiyo inaziona betri zako kama betri moja kubwa, na ukiweka iliyojaa pamoja na tupu, iliyojaa itamwagia mwenzake mkondo ambao hakuna chipu inayoudhibiti. Chaja ya namna hiyo mimi huitumia kwa betri moja tu au nisiitumie kabisa.

Namba zinasema nini

Ukipata asilimia 90 au zaidi ya kilichoandikwa, chaja ni ya kweli. Kati ya asilimia 70 na 90 ni maneno ya soko, ishi nayo. Chini ya nusu, lebo ni uongo, na hili ndilo utakalokutana nalo mara nyingi kwenye chaja za ukutani za bei ya chini kabisa.

Ila tazama mwenendo, si namba moja. Ukianza na 0.98A na baada ya dakika tano ikawa 0.70A huku chaja ikichoma mkono, chipu inajilinda na joto. TP4056 hufanya hivyo kwa makusudi: ikiingiza 5V na betri ikiwa 3.5V kwa 1A, wati 1.5 zinageuka joto ndani ya kipande kisichozidi ukucha. Fungua matundu ya hewa au iweke penye feni, na mkondo utarudi.

Mkondo ukishuka mfululizo kadiri betri inavyopanda, kwa mfano 0.6A kwenye 3.6V, 0.4A kwenye 3.8V, 0.2A kwenye 4.0V, basi ndani hakuna kidhibiti cha mkondo. Kuna rezista tu kati ya chanzo na betri. Chaja hizi ndizo zinazokesha, na ndizo za kutiliwa shaka kwenye kipimo cha volti kinachofuata.

Ukiwa na moyo wa fundi na chaja ni ya USB yenye TP4056, ifungue uangalie rezista ndogo iliyo kwenye mguu wa pili wa chipu. Ikiandikwa 122 ni 1.2kΩ, na chaja imepangwa kwa 1A. Ikiandikwa 202 ni 2kΩ, mkondo ni kama 580mA. Ikiandikwa 103 ni 10kΩ, kama 130mA. Hapo mjadala umekwisha bila mita: kiwanda chenyewe kimeandika ukweli ndani na kitu kingine nje.

Na usiharakishe kuipandisha. Kwa betri ya laptop iliyotumika miaka, 0.5A ni bora kuliko 1A. Kwa zile fupi za 14500, ambazo nyingi zina kama 800mAh tu, 1A ni kubwa mno.

Kipimo kisichorukwa: volti za mwisho

Toa mabati na rezista, acha betri ikae moja kwa moja kwenye chaja. Chaji hadi taa iwe kijani, ukiwa nyumbani na macho. Zima, toa betri, pima kwenye 20V. Kisha irudishe, washa tena, iache saa moja baada ya kijani, upime tena.

Chaja nzuri itatoa kati ya 4.15V na 4.22V mara zote mbili. Mita ya bei nafuu inaweza kukosea kama 0.04V kwenye kiwango hiki, kwa hiyo 4.24V isikutishe peke yake. Linganisha na mita nyingine au na betri iliyojazwa na chaja unayoiamini. Ukiona 4.30V, au ukiona namba ya pili imepanda juu ya ya kwanza, chaja haikati. Taa ya kijani ni pambo, mkondo unaendelea kuingia. Hiyo haina matumizi hata kama inatoa 1A kamili. Kwa upande mwingine, chaja inayotoa 450mA na kusimama kwenye 4.20V ningeichukua bila kusita.

Kama una betri za LiFePO4, zilizoandikwa 3.2V na kutumika kwenye taa nyingi za sola, haya yote hayazihusu. Zenyewe hujaa kwenye 3.65V na hazitakiwi kuwekwa kwenye chaja ya 4.2V hata kwa kujaribu.

Huna mita kabisa?

Saa itakusaidia kukisia. Chukua betri ya kampuni inayojulikana yenye 2600mAh, imalize hadi tochi yenye kinga ijizime, uichaji peke yake. Kwa 1A ya kweli itachukua saa tatu hadi tatu na nusu, kwa kuwa awamu ya mwisho ni ya taratibu. Ikichukua saa saba, unapata kama 0.4A. Kumbuka tu kwamba betri iliyochoka hujaa haraka kwa sababu haibebi kitu, na chaja dhaifu ikipimwa kwa betri kama hiyo itaonekana hodari.

Ukiwa dukani

Risiti nyingi zina maandishi "mali ikishauzwa hairudishwi", kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Kwa chaja ya USB ni rahisi: nenda na betri yako iliyo kwenye 3.6V, mita ya USB na kebo yako fupi, omba kuijaribu dakika mbili. Muuzaji akikataa, mwingine yuko mlango wa tatu. Chaja ya ukutani usijaribu kuifungia mabati juu ya kaunta ya mtu; inunue ile inayofanana na iliyofaulu kwako, lakini ipime tena, maana sanduku lileile mwezi ujao linaweza kuwa na kitu kingine ndani.

Kila chaja unayoipima iandikie mgongoni kwa kalamu isiyofutika: ampea za kweli, volti za mwisho, vyumba vimeungana au la, na tarehe. Iliyofeli kwenye volti ikate waya au plagi kabla ya kuitupa, vinginevyo kuna mtu ataiokota na kuichomeka usiku huohuo.